Mvua Moja, Birika na Ukuta

Mwezi uliopita nilishuka jukwaa la ujenzi kwa mara ya mwisho. Vijana ninaofanya nao kazi wakanitaka niandike kidogo juu ya uashi wa zamani, kabla sijaanza kusahau. Nimekubali kwa furaha. Sitawaeleza nilipandaje kutoka mchanganyaji chokaa mpaka fundi, wala nilipewa nini na nani, kwa sababu hayo hayamfundishi mtu kunyoosha ukuta. Nitawaeleza jambo moja lililotokea miaka ya hamsini, hapa hapa Amu, mji wa Lamu. Nikilikumbuka, mpaka leo, mikono hunisisimka kama ninaishika kazi yenyewe.

Lakini kwanza mjue nilivyoingia katika kazi hii. Baba na mama walifariki katika msimu mmoja wa homa, nami ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuwa Mwanaisha, kisha wadogo wawili wa kiume. Baada ya matanga ndugu walikaa sebuleni kutugawa, kama watu wanaogawa samaki: huyu aende Faza, hawa wawili waende Kipungani kwa ami yetu, yule mkubwa atajitegemea. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na huruma, na huruma yao ilikuwa itutawanye. Nikawaambia tutakaa nyumba moja, mimi nitawalisha. Ami akaniuliza nitawalisha kwa kitu gani. Kesho yake sikwenda shule. Nilikwenda kwa Fundi Bakari.

Fundi Bakari alikuwa mwashi ambaye watu wa mtaa wa Mkomani walimwita wakati nyumba imeshaanza kuwatisha. Alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, na kanzu yake ya kazini ilikuwa ngumu kwa chokaa hata ungeweza kuisimamisha peke yake. Siku ya kwanza hakunipa mwiko. Alinipandisha juu ya paa lililokuwa likipigwa sakafu. Kwa nyinyi mliokulia kwenye mabati, niseme: paa la nyumba zetu za mawe ni bapa. Juu ya boriti huja mawe membamba, juu ya mawe huja zege la chokaa, na zege hilo hupigwa kwa vigongo vidogo, watu wamechuchumaa safu safu, kwa wimbo, mpaka liwe gumu na laini kama sahani. Mtaa mzima ulikuwa ukisikia. Nilipoona safu ile ikisonga mbele, vigongo vikianguka pamoja, nilisahau kwamba nimekuja kwa ajili ya njaa.

Sakafu ilipokauka, Fundi Bakari akaniagiza mtungi wa maji, akaumwaga taratibu pembeni mwa paa. "Tazama," akasema. Maji yakatambaa, yakasita, yakapinda kidogo, kisha yakakusanyika yote na kutoka kwenye mlizamu, ule mfereji wa mti unaotokeza nje ya ukuta. Macho hayaoni mteremko ule, maji yanauona. Nilicheka kwa sauti. Yeye hakucheka, ila nadhani ndipo aliponikubali.

Nilijifunza kwake miaka kadhaa: kuchoma matumbawe, kuchuja chokaa, kusoma timazi upepo ukivuma, na kumsikiliza mwenye nyumba bila kumwamini. Hatimaye akaanza kuniachia kazi ndogo peke yangu. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mjane, mwenye nyumba ya ghorofa karibu na msikiti mdogo wa mtaa. Mlizamu wake ulikuwa ukitema maji mbele, kwenye ujia. Kila mvua ikinyesha, watu waliokwishatawadha walikuwa wakioga upya njiani. Walilalamika kwa adabu, kisha bila adabu. Akataka mlizamu uhamishiwe nyuma na sakafu ipigwe upya, imwage upande huo.

Nyuma palikuwa na mwanya mwembamba uliozungukwa na kuta tatu: ukuta wa Bi Zuhura, ukuta wa msikiti, na ukuta wa jiko la Bwana Athmani, mpishi wa halua. Mwanya ule ulikuwa umejaa majani na vifusi, na hakuna aliyejua chini yake pana nini. Nilitaka kuchimba kidogo nione. Ila ardhi ile ni wakfu wa msikiti, na msimamizi wake, Mzee Shee, alikataa katakata. Wakfu hauchimbwi kwa ajili ya paa la mtu.

Basi nikawakusanya wahusika mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, kwenye daka, pale barazani penye viti vya mawe pande mbili za mlango. Bwana Athmani aliketi upande mmoja, Mzee Shee upande wa pili, na Bi Zuhura alisikiliza kutoka ndani, mlango ukiwa wazi kidogo. Fundi Bakari alipita njia akasimama. Nikasema hivi, na naomba myashike maneno haya: "Maji yakishuka nyuma yatatafuta ndia yao. Huenda yakaelekea msikitini, huenda yakaugusa ukuta wa Bwana Athmani. Sijui, kwa sababu sikuchimba. Mnasemaje?"

Bwana Athmani alicheka. Akaniambia ukuta ule ulijengwa na babu yake na umeona mvua nyingi kuliko mimi. Mzee Shee akasema maji ya mvua ni baraka, hayana pa kukosea. Bi Zuhura akasema basi nianze kazi kabla wingu halijafika.

Nilianza kwa shangwe. Safu ya vigongo ilikuwa yangu, wimbo niliuanzisha mimi, na Mwanaisha alituletea kahawa na kaimati tulipopumzika. Nilipomwaga mtungi wa kwanza juu ya sakafu ile, maji yalikwenda moja kwa moja kama yameitwa. Nilitamani kumwaga wa pili, kwa starehe tu, lakini maji ya kisima yalikuwa ya kuvutwa kwa mkono, nami ndiye ningeyavuta.

Mvua ya kwanza ya masika ilipokuja, ikaja kwa nguvu. Asubuhi yake kelele zilitoka msikitini. Birika la kutawadhia, hodhi la mawe ambalo miaka yote lilijazwa kwa ndoo kutoka kisima cha maji ya chumvi, lilikuwa limejaa maji ya mvua mpaka mdomoni, matamu, bila mtu kuinua kamba. Watu walikuja kuyaonja. Mtu mmoja alitawadha, akamaliza, akatawadha tena. Chini ya mwanya ule kumbe palikuwa na mfereji wa zamani uliofunikwa, ulioelekea kwenye birika, na mlizamu wangu ulikuwa umemwaga juu yake.

Baada ya sala walisoma dua. Walimwombea Bi Zuhura, wakaliombea paa lake, wakayaombea hata mawingu. Jina langu halikutajwa. Nilimsikia Mzee Shee akiwaeleza watu kwamba yule kijana Lali hakujua lolote, alisema mwenyewe hajui. Mungu tu ameleta neema. Sikuona vibaya. Nilikuwa na furaha kupita kiasi, na isitoshe ilikuwa kweli.

Mvua iliendelea. Siku chache kabla ya Idi, wakati watu wamekwenda kusali alasiri, ukuta wa jiko la Bwana Athmani ulilainika miguuni na kulala chini, wote kwa pamoja, kama ngamia anayepiga magoti. Hakuumia mtu. Lakini chini ya ukuta ule yalikuwamo masufuria yote ya halua ya Idi, mengine yamekwisha kupoa, mengine bado moto. Nilifika mbio. Mawe ya babu yake yalikuwa yamezama ndani ya halua nyekundu mpaka mabegani.

Mkitaka kuujua uzito wa jambo lile, fikirini Idi ya Amu bila halua ya Bwana Athmani. Watu walinunua ya mpishi mwingine, wakaitafuna kwa hasira. Na kadiri walivyoitafuna, ndivyo walivyozidi kukumbuka. Walikumbuka kwamba mimi nilijua. Fundi aliyefunzwa na Fundi Bakari asijue maji yanakwenda wapi? Watu ambao hawakuwapo barazani siku ile walikumbuka nilivyosema, na jinsi nilivyounyooshea kidole ukuta wenyewe. Mwingine alikumbuka kwamba nilitabasamu.

Bwana Athmani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepoteza Idi. Alitaka jambo moja: Ijumaa, baada ya sala, niweke mkono juu ya msahafu niape kwamba sikujua. Nikiapa, yamekwisha. Nikikataa, kila mtu atajua kwa nini, na hakuna mwenye nyumba Amu atakayeniruhusu kupanda paa lake.

Habari ilitoka mjini kabla ya Ijumaa kufika. Ami yetu alifika kutoka Kipungani na mkeka mpya chini ya kwapa. Alisema wadogo zangu watakwenda nao, wapate pa kulala kwake. Aliuegemeza ukutani, umekunjwa, na wale wadogo wakawa wanauzunguka wanapopita, kama unauma.

Nilimwendea Fundi Bakari. Alikuwa akinoa nyundo ya kuchongea mawe.

"Apa," akaniambia. "Ni kweli hukujua."

"Lakini nilidhani, Fundi. Nilisema mbele ya watu."

"Kudhani si kujua."

"Mbona mji mzima unaona ni kujua?"

Akapuliza vumbi la jiwe la kunolea. "Kwa sababu halua imemwagika, Lali."

Nikarudi nyumbani nikiligeuza neno hilo. Kuapa kungekuwa rahisi. Ila kila nilipoujaribu mkono wangu juu ya msahafu, katika mawazo tu, sauti yangu mwenyewe ilinirudia kutoka barazani: huenda yakaugusa ukuta. Kama mji mzima una hakika kwamba huko ndiko kujua, mimi ni nani niape kwamba siko? Na nikiogopa kuapa, wataona hofu yangu ni ushahidi. Mwanaisha alinitazama nikizunguka, akaniuliza jambo moja tu: "Kaka, hao wa msikitini wanasemaje?" Nikamwambia wanasema sikujua. "Na wa halua?" Nikamwambia wanasema nilijua. Akaendelea kukuna nazi. Lakini mimi sikulala na hofu tena. Nililala na hamu kubwa ya kuona kunakucha.

Wazee wa mtaa walikutana kwenye daka lile lile la Bi Zuhura, siku moja kabla ya Ijumaa, kukubaliana juu ya kiapo. Bwana Athmani alikaa palepale alipokaa mwanzo, na Mzee Shee vilevile. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisema niko tayari kuapa, lakini kiapo kimoja kwa maji yote. Ile ilikuwa mvua moja, paa moja na mfereji mmoja. Nikiapa kwamba sikujua ukuta utaanguka, basi niape pia kwamba sikujua birika litajaa. Na wakiamua nilijua, basi nilijua yote mawili, na birika lao nililijaza mimi kwa makusudi. Wachague.

Walinong'ona. Mmoja alisema mambo ya birika hayahusiki. Ndipo sauti ya Bi Zuhura ikatoka nyuma ya mlango, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha.

"Mzee Shee, birika lilipojaa, Lali alijua litajaa?"

"Hakujua, Bi. Alisema mwenyewe hajui. Ile ni neema."

"Na ukuta wa Bwana Athmani, alijua utaanguka?"

"Hilo alijua. Alisema mwenyewe."

"Alisema lini?"

"Siku ile. Hapa hapa."

"Kwa maneno gani?"

Mzee Shee akafungua kinywa, akayaanza maneno yangu, akafika kwenye "huenda yakaelekea msikitini," akanyamaza. Alikuwa mtu mkweli. Hakuweza kuyakata katikati. Akayamalizia yote, mpaka pale niliposema sikuchimba. Na aliyekataza kuchimba ni nani, kila mtu alikumbuka bila kuambiwa. Mzee mmoja akaanza kukohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani.

Tulimgojea Bwana Athmani. Alikuwa akitazama chini, akisugua viganja vyake vilivyoungua kwa miaka ya kukoroga halua. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kama safu nzima ya vigongo.

"Mimi nilikuwapo," akasema mwishowe. "Nilisikia kila neno, na ukuta ni wangu. Kama yeye alijua, mimi nilijua zaidi." Akanyanyua macho. "Na kama nilijua, masufuria yangu niliyaacha chini yake kwa nini?"

Akaviweka viganja juu ya magoti.

"Sikujua," akasema. "Basi na yeye vivyo hivyo. Msahafu ubaki mahali pake."

Hivyo ndivyo kiapo kilivyokwisha. Mzee Shee, kwa haya au kwa haki, alituruhusu kuchimba kwenye mwanya. Nilishuka mle na Fundi Bakari, tukaondoa vifusi, tukaupata mfereji wa kale, kazi safi ya mtu asiyejulikana, mawe yamechongwa yakashikana bila pengo. Fundi Bakari aliupapasa kama anavyopapaswa farasi. Ulikuwa na ufa mmoja tu, karibu na jiko, na humo ndimo maji yalimokuwa yakipenya kwenda kuulamba msingi wa Bwana Athmani huku mengine yakiendelea msikitini. Tukauziba kwa chokaa na unga wa vigae. Kisha tukaujenga ukuta upya: mawe yalikuwa yake, mikono yangu, na maji ya kuchanganyia chokaa yalitoka kwenye birika, kwa idhini ya Mzee Shee, ambaye alisimama pale kuhakikisha hatuyamwagi ovyo.

Kutoka sufuria ya kwanza ya halua iliyopikwa nyuma ya ukuta mpya, Bwana Athmani alitutumia sahani. Salamu zake zilisema: hii najua ni tamu, kama si tamu nilikuwa nadhani tu.

Na ami? Alikula halua yetu, akasifu, akaaga. Mkeka hakuubeba. Aliukunjua mwenyewe chumbani kwetu, akaupiga vumbi lisilokuwapo, na wadogo zangu wakaulalia siku hiyo hiyo, wakisukumana. Uliisha kwa kuchakaa, miaka mingi baadaye, katika nyumba ile ile.

Tangu hapo, vijana, nilijiwekea desturi. Kabla ya kugusa mlizamu, dirisha au ngazi, huwaita wote watakaoguswa, nikasema ninachojua, ninachodhani na nisichoweza kukiona. Nasema mbele yao wote kwa pamoja. Halafu namwomba kila mmoja ayarudie maneno yangu, mbele ya wenzake, kabla ya kazi. Wengine huona ni madoido. Lakini mtu akishayarudia kwa kinywa chake kabla matokeo hayajafika, hupata tabu kuyakata vipande baadaye.

Msidhani mimi mwenyewe nimepona. Nyumba ya mwisho niliyoisimamia, mnaijua, ni ile ambayo Famau, mmoja wenu, alinishauri tutoboe kidirisha kwenye ngazi kwa ajili ya mwanga. Aliniambia pia kwamba huenda upepo ukavuka ujia mpaka ng'ambo, hana hakika. Tukatoboa. Upepo ukavuka kweli, ukaingia chumbani kwa bibi wa jirani ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilala nje barazani kwa joto. Bibi yule sasa analala ndani kama watu, na humsifu Famau kwa kila apitaye. Nilimsimulia Mwanaisha, ambaye siku hizi ana wajukuu wengi kuliko mimi, nikamwambia kijana yule amebahatisha.

Alikuwa akinimiminia kahawa. Hakuinua hata macho.

"Na kama upepo ule ungeangusha kabati la vyombo la bibi yule, kaka, ungesema amebahatisha?"

Nilikiacha kikombe pale pale. Nilishuka ngazi, nikavuka mtaa, nikamkuta Famau juu ya jukwaa, mwiko mkononi, akipiga lipu. Nikamwuliza kutoka chini kama alijua upepo utafika kwa bibi.

Akaona uso wangu, akadhani kuna kilichovunjika. "Sikujua, Fundi," akasema. "Nilidhani tu. Si nilikuambia?"

"Uliniambia," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekuja kukushukuru."

Akaendelea kunitazama kutoka juu, chokaa ikidondoka kutoka kwenye mwiko wake, akingoja niseme kosa ni lipi.